Ofa ya kazi, kampuni ndogo ya usalama wa mtandao (watu 7). Waliopita huko naombeni ukweli

Mtu wa Msamvu:

Wakuu habari za jioni.

Nina miaka 27, niko Morogoro, nafanya kazi ya kompyuta kwenye hospitali binafsi. Kazi yenyewe mnaijua: printa imegoma, daktari kasahau nywila, mfumo wa bima hausomi kadi. Mshahara 950,000 kabla ya makato. Wiki iliyopita nimepata ofa Dar, kampuni ya usalama wa mtandao, iko Mikocheni. Wako 6, mimi nitakuwa wa 7. Wanatoa 1,200,000 kabla ya makato. Usaili ulikuwa mimi na mkurugenzi tu, tumekaa kwenye kochi, akaniuliza nimewahi kuharibu kitu gani kikubwa kazini. Nikamwambia. Akacheka mpaka akafuta machozi, akasema "karibu, sisi hapa ni familia".

Mimi kichwani naiona ile kazi ya kukaa kwenye giza na kioo cheusi chenye maandishi ya kijani. Mjomba wangu anasema kampuni ya watu 7 si kampuni, ni kikundi cha kufa na kuzikana. Mkopo wa bodi (ule wa chuo) ninao. Mchumba yuko Moro.

Mliofanya kwenye kampuni ndogo za aina hii, siku inakuwaje? Matangazo sitaki, nataka ukweli.

Nyundo:

Kaa hapo hapo. Hospitali haikosi wagonjwa. Hizi kampuni za watu saba zinafungwa kwa ujumbe mmoja wa WhatsApp saa nne usiku.

Dada Logi:

Niko ndani ya kazi hiyo tangu Oktoba 2021, kampuni ndogo hapa hapa Dar. Tulikuwa 5, sasa tuko 8 ukimhesabu dereva, na dereva tunamhesabu maana ndiye anayejua ofisi za wateja wote na mlinzi gani wa getini ni mkorofi. Niko zamu sasa hivi, kwa hiyo nitaandika vipande vipande.

Kioo cheusi kipo. Kwa wiki nakiona labda saa sita. Muda uliobaki niko kwenye Word. Unaweza kuupata mwanya wa kuingilia kwenye mfumo wa mteja ndani ya dakika arobaini halafu ukakaa siku mbili unaueleza: umepitia wapi, picha ya kila hatua, mwenye nia mbaya angeondoka na nini, mteja afanye nini kesho asubuhi. Na unaandika mara mbili, ukurasa mmoja wa mkurugenzi ambaye seva kwake ni lile kabati linalopiga kelele, na kurasa thelathini za fundi wake ambaye anaelewa kila kitu na ameshakasirika. Kama hupendi kuandika, ndugu yangu, hii kazi itakutesa.

Mwezi wangu wa tatu nilichukua ripoti ya mteja mmoja nikaifanya kiolezo cha mteja mwingine. Nikabadilisha jina kila mahali, isipokuwa ukurasa wa 14. Ikatumwa. Yaani kampuni tunayolipwa tuwafundishe watu kutunza siri ikamwambia mteja B kwamba mteja A ana seva isiyosasishwa tangu alipoinunua. Bosi hakunipigia kelele. Alichukua funguo za gari, akanichukua na mimi, tukaenda kwa wote wawili siku hiyo hiyo, na kote aliongea yeye, mimi nimekaa pembeni naangalia viatu vyangu. Mteja A tulimpoteza. Tangu siku hiyo kila ripoti inasomwa na mtu mwingine kabla haijatoka, na mtu huyo mara nyingi ni dereva, kwa sababu yeye hasomi kwa mazoea kama sisi.

Watu wakisikia "kampuni ya usalama" wanajua ni walinzi. Tumeletewa maombi ya kazi yenye vyeti vya mgambo. Mama yangu anawaambia majirani nalinda kompyuta, nimeacha kumsahihisha. Na kwa kuwa tuko wachache, mteja akiomba kamera hatumwambii hatufungi kamera. Nimepanda ngazi mwenyewe na drili mkononi. Mwezi huo kamera ndizo zilizolipa pango.

Sasa kupima mifumo, ambako ndiko naona roho yako ilipo. Kabla hujagusa chochote dai barua ya kibali. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 4, inazungumzia kuingia kwenye mfumo bila idhini, na adhabu yake inaanzia faini ya milioni 3 au jela mwaka mmoja. Bosi wako akikwambia "nimeshaongea nao kwa simu", mwambie kwa heshima zote kwamba utasubiri karatasi. Barua itaje mifumo gani, kuanzia tarehe gani hadi ipi, na isainiwe na mwenye mamlaka. Mimi nilikuwa na barua ya mkuu wa kitengo cha kompyuta, nikakamatwa napiga picha mlango wa chumba cha seva, kumbe meneja wa jengo hana habari. Nilikaa kwenye benchi la walinzi saa mbili nakunywa maji yao. Walinzi wenyewe waungwana kabisa, ila simu yangu waliiweka mfukoni.

Mwaka jana tulipima mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Mwanachama akiingia anaona taarifa yake, na juu kwenye anwani ya ukurasa ipo namba yake ya uanachama. Nikabadilisha tarakimu ya mwisho. Ikaja akiba ya mtu mwingine, na mkopo wake, na majina ya wadhamini wake. Nikabadilisha tena, akaja mwingine. Mtoto wa darasa la tano angeweza. Tukaandika, tukatia rangi nyekundu, tukaenda kuwasilisha, tukapewa soda na korosho. Mwaka huu tumerudi kupima upya. Walichofanya ni kuondoa kitufe cha "Angalia taarifa". Anwani ukiichapa mwenyewe inafunguka vilevile. Fundi wao akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, sasa nani atakaa aichape?"

Hapo ndipo utakapochoka, si kwenye kompyuta. Unaona shimo, unalionyesha kwa kidole, na huna mamlaka ya kulifukia.

Narudi, simu.

Dada Logi:

Nimerudi. Ilikuwa printa. Nitaeleza.

Sisi upande wa ulinzi tunatumia Wazuh, kwa sababu ni bure na leseni za hizi programu nyingine zinauzwa kwa dola. Inakusanya logi za wateja (kumbukumbu za kila kinachotokea kwenye mifumo yao) na kupiga kelele ikiona jambo geni. Wiki za mwanzo ilikuwa inapiga kelele maelfu kwa siku, nyingi zikitoka kwenye printa ya uhasibu ya mteja mmoja ambayo kila dakika inajaribu kuingia mahali kwa nywila ya zamani. Ukizoea kelele ya printa, siku ya mwizi hutamsikia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya zamu ni kukaa na kunyamazisha vitu kimoja kimoja, kwa akili, ukiandika kwa nini umenyamazisha.

Na kwa kuwa wewe unatoka kwenye printa, nikupe kisa. Benki Kuu ya Bangladesh, Februari 2016, wezi waliingia kwenye mtandao wao na kuondoka na dola milioni 81. Asubuhi yake wafanyakazi walichokiona ni printa ya miamala ambayo haichapi. Wakadhani imeharibika tu, kama yako hapo hospitali. Wizi ulianza usiku wa Alhamisi kwa sababu kule Ijumaa ni mapumziko, halafu New York wakapumzika Jumamosi na Jumapili, halafu Jumatatu Ufilipino pesa zilikoelekea ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Waliisoma kalenda kuliko walivyoisoma kompyuta.

Ndiyo maana nakwambia swali la kwanza la kumuuliza bosi wako ni nani anashika simu ya usiku na ya sikukuu. Kwenye kampuni kubwa kuna zamu tatu. Kwenye kampuni ya watu 7 kuna wewe.

Mfano. Eid moja, saa kumi na moja alfajiri, mteja anayeuza vifaa vya ujenzi kwa jumla ananipigia: mafaili yote yamebadilika majina na kuna karatasi ya kudai pesa kwenye kioo. Seva yao ilikuwa imefunguliwa moja kwa moja kwenye intaneti ili mhasibu afanye kazi akiwa nyumbani, na nywila ilikuwa jina la duka, alama ya @ na mwaka. Bakapu walikuwa nayo! Kwenye diski ya nje. Iliyochomekwa kwenye seva hiyo hiyo, mwaka mzima, haijawahi kuchomolewa. Ikafungwa pamoja na vingine vyote.

Kilichowaokoa ni binti wa uhasibu aliyekuwa na nakala kwenye flashi, ya wiki tatu nyuma, aliyoichukua kinyume cha utaratibu ili amalizie hesabu nyumbani kwa mgonjwa wake. Na zile wiki tatu tukazijenga upya kwa karatasi za Z, zile ripoti za kufunga siku zinazotoka kwenye mashine ya risiti, EFD. Walikuwa wanazitoboa kwenye msumari ukutani. Tulikaa sakafuni siku nne, mimi, yule binti na mke wa mwenye duka, tunasoma karatasi zilizofifia kwa tochi ya simu. Hakuna kozi yoyote duniani itakayokufundisha hiyo. Mwenye duka hakulipa hata senti kwa wale wezi. Sisi alitulipa baada ya miezi mitatu.

Ilikuwa hivyo pia Desemba 2021, nina miezi miwili kazini, lilipotangazwa lile tatizo la Log4j, kipande kinachotumika ndani ya programu nyingi za Java, lililopewa alama 10 kati ya 10 za hatari. Wikiendi nzima tuko watano tunawapigia wateja kuuliza kama wana programu inayotumia Java. Hakuna aliyejua. Mmoja akasema "ngoja nimuulize aliyetufungia", aliyewafungia amehamia Oman. Kumbe nusu ya ulinzi ni kuwa na orodha ya vitu unavyomiliki, kazi isiyo na utukufu wowote. Upande mwingine, Julai 19, 2024, sasisho la CrowdStrike, programu ya ulinzi ya bei kubwa, lilipoangusha kompyuta kama milioni 8.5 za Windows duniani, sisi tulikunywa chai. Wateja wetu wote hawana hela ya CrowdStrike. Siku hiyo ufukara ulitulinda.

Hela sasa. Umesema una mkopo wa bodi. 1,200,000, toa NSSF 120,000, toa PAYE 152,000, toa bodi asilimia 15 yaani 180,000. Mkononi 748,000. Hapo hospitali kwa hesabu hiyo hiyo unapata 620,750. Kwa hiyo hii "ofa" imekuongezea 127,250 na inakuhamisha mji. Chumba changu cha kwanza Sinza kilikuwa 80,000 na mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mpigo. Piga mwenyewe.

Kitu ambacho hakipo kwenye hesabu ni vyeti. Mtihani wa OSCP (cheti cha kupima mifumo kwa kuivunja) na kozi yake unazidi dola 1,500, na ni saa 23 na dakika 45 mfululizo za kuvunja mashine, kamera inakutazama, halafu siku nyingine nzima ya kuandika ripoti (si nilikwambia). Mimi nililipiwa na ofisi, nikaufanyia ofisini kwa sababu ya jenereta, nikalala chini ya meza saa mbili. Nilifaulu mara ya pili. Ila nilisaini karatasi kwamba nikiondoka kabla ya miaka 2 nalipa yote. Ukipewa karatasi hiyo isome. Ikisema "gharama zote" uliza zipi, maana rafiki yangu alidaiwa mpaka nauli.

Mtu wa Msamvu:

Mkuu asante sana, nimesoma mara mbili. Ile hesabu ya PAYE imeniuma.

Dada Logi:

Mkuu ni dada. Jina liko hapo juu 😂

Mtu wa Msamvu:

Dah, samahani dada. Shikamoo.

Dada Logi:

Nina miaka 31, usinizeeshe.

Mzee wa Ankara:

Mimi niko upande wa pili, nina kampuni ya watu 9, si usalama tu, tunafunga na mitandao. Nyundo amesema zinafungwa kwa WhatsApp. Naomba niseme zinafungwa kwa nini, kwa sababu kijana akielewa hili ataelewa na mshahara kuchelewa.

Nikitoa ankara ya milioni 20 naongeza VAT asilimia 18, milioni 3.6. Ikifika tarehe 20 ya mwezi unaofuata natakiwa niwe nimeiwasilisha TRA, mteja awe amenilipa au hajanilipa. Wateja wakubwa wanalipa baada ya siku 90 wakikuonea huruma. Na wakilipa wanakata kwanza asilimia 5 ya kodi ya zuio, milioni moja hiyo, nitakuja kuihesabia mwisho wa mwaka. Katikati hapo kuna mishahara mitatu. Kwa hiyo mkurugenzi anayekwambia "sisi ni familia" mara nyingi ameshakopa kwa shemeji yake ili familia ile. Sisemi umhurumie. Muulize tu wateja wangapi wanamlipa kila mwezi kwa mkataba, na wangapi ni wa kazi moja moja. Wa kila mwezi wakiwa watatu au wanne, hapo pana uhai.

Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika, Mei 2023, simu zimeongezeka kweli. Hospitali, shule, hoteli, wote wanaulizia. Kijana anayeijua hospitali kwa ndani kama wewe ana thamani kuliko anavyodhani. 1,200,000 ni ndogo. Mimi ningekupa zaidi, halafu ningechelewesha.

Nyundo:

Angalau huyu mkweli.

Wa Ngara:

Niko Nairobi, kazi kama hiyo, tuko watu kumi na mmoja. Mambo ni yale yale ila nikuongezee moja. Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, iliposhambuliwa, simu zetu hazikupumzika wiki nzima, kila mkurugenzi anataka kulindwa leo leo. Tukaandika bei, tukakesha. Kufikia Septemba waliokuwa wamesaini ni wawili. Hofu ya mteja huwa ina wiki mbili, tatu hivi. Ukikuta bosi wako anaajiri watu kwa sababu ya hofu ya mwezi huu, kaa chonjo, kwa sababu mshahara wako ni wa miezi kumi na miwili.

Lakini nimejifunza mengi kwa mwaka mmoja hapa kuliko miaka mitatu niliyokaa kwenye kampuni kubwa ya simu, ambako kazi yangu ilikuwa kuangalia kioo kimoja na kumpigia mtu wa ghorofa ya nne.

Mtu wa Msamvu:

Nimerudi wakuu, na dada. Nimempigia mkurugenzi nikamuuliza yote, nimeogopa hadi jasho. Wateja wa kila mwezi wako watatu. Mishahara ya miezi mitatu iliyopita ilitoka tarehe 28, tarehe 3 na tarehe 11. Alinitumia picha za jumbe za benki bila kuziomba. Simu ya usiku akasema "hilo bado hatujalipanga". Nikaomba namba ya aliyeondoka mwisho, akanyamaza kidogo, akanipa. Yule jamaa ameniambia sehemu ni nzuri, bosi hana roho mbaya, ila "hakikisha si wewe peke yako unayejua Linux" (mfumo unaoendesha seva zao).

Dada Logi:

28, 3, 11. Unaona inavyotembea. Tarehe 11 si mbaya, ila mwezi ujao ikiwa tarehe 19 uanze kuweka akiba ya nauli.

Kuna wangapi wanaojua Linux?

Mtu wa Msamvu:

Wawili. Mmoja ni mkurugenzi mwenyewe.

Dada Logi:

Basi simu ya usiku imeshapangwa, ni yako. Usikatae, ila iandikwe kwenye mkataba: siku ngapi kwa mwezi, na kiasi gani, kando ya mshahara. "Tutaangaliana" usiikubali. Anza na laki mbili, mtashukia mahali. Na siku baada ya usiku wa tukio usiende ofisini asubuhi, hilo nalo liandikwe, maana nimewahi kuendesha gari la ofisi nikiwa nimelala, Mungu tu na tuta la Mwenge.

Mtu wa Msamvu:

Nimesaini jana. 1,250,000 na laki na ishirini ya simu ya usiku, wiki mbili kwa mwezi, imeandikwa. Hospitali nimewapa notisi ya siku 28, matroni analia nani atawasha printa. Mjomba bado sijamwambia. Chumba nimepata Mwananyamala, Luku tunachangia wapangaji wanne.

Dada Logi:

Luku ya kuchangia na zamu ya usiku? Nunua UPS (betri ya akiba) ya ruta kabla hujanunua godoro.